Kuingia biasharani bila shahada ya biashara: mwongozo kwa kijana wa Unguja na Pemba

Kila yanapotoka matokeo ya Kidato cha Sita, nyumba nyingi za Unguja na Pemba huingia kwenye ubishi uleule: mtoto apelekwe chuo akasome biashara, au zile fedha za ada afunguliwe kijiduka. Baba anasema hili, mjomba anasema lile, na mwenye matokeo mwenyewe hajaulizwa. Ukiusikiliza ubishi huo kwa makini, hakuna hata mmoja aliyeuliza chuo cha biashara kinampa mtu nini.

Kinampa vitu vinne. Kuna hesabu, yaani kujua fedha imeingia wapi, imetoka wapi na iliyobaki ni yako au ni ya watu. Kuna visa: habari za biashara za wengine, zilizofika na zilizozama, unazozichambua kabla hujatia senti yako. Kuna watu, wale wenzako wa darasani ambao miaka kumi baadaye mmoja yuko benki na mwengine yuko forodhani. Na kuna cheti. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuvipata vitatu vya mwanzo bila kukaa darasani miaka mitatu, na ajue wakati gani cha nne hakikwepeki.

Kwanza tulimalize jina moja ambalo lazima litatajwa barazani. Said Salim Bakhresa alizaliwa Zanzibar mwaka 1949, akaacha skuli akiwa na miaka 14, akauza mchanganyiko wa viazi, akafungua mkahawa Dar es Salaam katika miaka ya 1970, kisha akaingia kwenye usagaji wa nafaka. Leo jina lake la biashara, Azam, ni unga, ni juisi, ni boti, ni televisheni. Anayemtaja kwa kawaida anataka kuthibitisha kwamba skuli haina kazi. Lakini waliouza viazi wakabaki palepale ni wengi mno, na habari zao hakuna anayeziandika. Halafu kampuni ya ukubwa ule haiendeshwi bila wahasibu na mameneja waliosoma. Wewe huna wa kumlipa mshahara bado, kwa hiyo hesabu utazijua mwenyewe au zitakushinda.

Hatua ya 1: Amua unataka kuingia mlango gani

Ipo milango ambayo bila karatasi hufunguliwi. Ajira za uhasibu serikalini, benki, ukaguzi wa hesabu: huko cheti kinasomwa kabla ya uso wako. Anayetaka kuwa mhasibu mwenye idhini hupita mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu. Anayetaka kutoa mizigo bandarini kama wakala wa forodha, Chuo cha Kodi cha Dar es Salaam kina kozi ya cheti ya kazi hiyo, tena si ndefu. Kutembeza wageni kunataka leseni ya Kamisheni ya Utalii. Ikiwa moyo wako uko huko, usipoteze muda kusoma mwongozo huu mpaka mwisho. Nenda SUZA, kampasi ya Chwaka ambako zamani kilikuwa Chuo cha Uongozi wa Fedha, au Chuo Kikuu cha Zanzibar kule Tunguu, na uulizie Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar mapema.

Kuhusu shahada ya uzamili ya biashara, ile MBA inayotajwa kwa heshima kubwa, nina maoni yangu. Harvard waliianza mwaka 1908, na mpaka leo kazi yake kubwa huko nje ni kumwingiza mtu kwenye benki kubwa, kampuni za ushauri na makampuni ya kimataifa yanayolipa vizuri. Hapa kwetu waajiri wa aina hiyo ni wa kuhesabu. Mtu anayekopa akasome nje kisha arudi kuuza viungo vya Kizimbani amechukua deni linalolipika kwa mshahara wa London, na mshahara huo Unguja haupo. Akilipiwa na mtu mwengine, sina ugomvi naye.

Kama mlango wako ni duka, samaki, viungo, upishi, ushoni, usafiri au nyumba ya wageni, hakuna mteja atakayekuuliza ulisoma wapi. Atauliza bei, ubora, na kama mzigo utafika siku uliyosema.

Hatua ya 2: Kaa kwa tajiri

Tajiri kwa maana yetu ya dukani, mwenye mali aliyekuajiri. Usimchague kwa gari lake. Mtafute aliyedumu kwenye biashara ileile unayoitaka, anayelipa waliompa mzigo, na anayeandika. Maduka ya Darajani na Mlandege yanafunza nguo, vyombo na simu. Mwanakwerekwe inafunza chakula. Mnada wa samaki Malindi unafunza kufanya uamuzi wa fedha ndani ya pumzi moja. Kwa Pemba, soko la Chake Chake au la Konde litakuonesha namna mazao ya shamba yanavyobadilika bei kati ya asubuhi na adhuhuri.

Kazi ya namna hii haiombwi kwa ujumbe wa simu. Nenda na mtu anayemjua, asubuhi kabla wateja hawajajaa, na useme maneno machache: “Asalaamu alaykum, ami. Nataka nije nikae dukani kwako mpaka masika yapite, nijifunze kazi.” Mwisho wa muda utajwe tangu siku ya kwanza, na nauli na chakula vizungumzwe palepale hata kama unaona haya. Kijana anayeingia bila muda hugeuka wa kutumwa chai, mwaka wa pili unamkuta anatumwa chai.

Ukishaingia, kuna mambo ya kuyatazama ambayo hakuna atakayekufundisha kwa maneno. Mzigo unatoka wapi: Kariakoo, Dubai, China, au kwa mwenye duka la jumla wa mtaa wa pili? Kitu gani kinakaa rafuni miezi, na kitu gani kinaisha kabla ya Ijumaa? Nani hupewa mali kauli, yaani mzigo wa kulipa baadaye, akarudisha, na nani akipewa huanza kupita njia nyengine? Utagundua pia kwamba sukari na unga havina faida ya maana, ila bila hivyo mteja haingii, na ni kwa sababu yake ananunua sabuni na kiberiti.

Kaa mpaka uuone msimu mzuri na mbaya. Aliyefanya kazi Paje mwezi wa nane peke yake hajaiona biashara ya Paje. Arudi Mei, mvua inanyesha na hoteli nyengine zimefungwa, ndipo ajue tajiri analipaje wafanyakazi.

Wasichana wengi nyumbani hawaruhusiwi kukaa Darajani kutwa, na hapo ndipo ninapoona watu wanadharau chuo kikubwa kilichopo mtaani: mpishi wa maharusi. Mama anayepika pilau ya watu mia tano anakadiria mchele na nyama kwa kichwa, anachukua arbuni kabla ya kununua chochote, anajua wasaidizi wangapi wanahitajika na kila mmoja ni wa kulipwa nini, na siku ikifika chakula hakichelewi. Kaa naye maharusi kadhaa, mbebee daftari lake kama analo, mwandikie kama hana.

Hatua ya 3: Shika daftari

Hii ndiyo hatua ambayo ukiiruka, nyengine zote hazikufai kitu. Daftari la kawaida linatosha: tarehe, iliyoingia, iliyotoka, na ukurasa wa peke yake wa madeni, wanaokudai mkono mmoja na unaowadai mkono wa pili. Andika usiku uleule. Simu ina programu za bure za kazi hii, ila anayeanza mimi namshauri kalamu, kwa sababu mkono unaoandika “nimechukua 5,000 ya nyumbani” unaona haya.

Na hiyo 5,000 ndiyo ugonjwa wenyewe. Ukichukua kilo ya sukari rafuni ukaipeleka jikoni, umejiuzia; iandike. Jipangie posho, hata ndogo, uichukue siku moja ya wiki, na siku nyengine fuko la duka usiliguse. Duka linalolisha nyumba bila kuandikwa haliwezi kukwambia kama linapata faida.

Tuchukue mfano wa kikundi au mama anayetengeneza sabuni za mwani. Tufanye pishi moja, yaani kupika mara moja, inatoa vipande 60. Mafuta ya nazi, magadi, unga wa mwani na mafuta ya karafuu: 90,000. Nauli: 10,000. Karatasi na vibandiko: 30,000. Anaiuzia hoteli kwa 3,000 kipande, jumla 180,000. Ukimuuliza faida, atakwambia 90,000, kwa maana ametoa gharama ya vitu akasahau mengine. Toa nauli na vifungio, inabaki 50,000. Sasa amefanya kazi siku mbili. Kama angemfanyia mtu mwengine angelipwa tuseme 15,000 kwa siku, kwa hiyo toa 30,000. Faida ya biashara ni 20,000. Kila kipande kimemgharimu karibu 2,670, na hoteli ikisema “tupunguzie, tupe kwa 2,500” atakubali kwa furaha huku akiilipa hoteli imchukulie sabuni.

Hapo bado hatujafika kwenye kinachoua. Hoteli nyingi hazilipi papo kwa papo. Tuseme hii inalipa baada ya wiki nane, na mama anapika pishi moja kila wiki. Fedha taslimu inayomtoka ni 130,000 kwa pishi. Kabla hajaona malipo ya kwanza atakuwa ametoa 1,040,000. Biashara ina faida kwenye daftari, na mfukoni hamna nauli ya kwenda kununua mafuta. Chuoni somo hili lina jina na muhula wake. Wewe lifanye kwa peni na karatasi kabla ya kukubali oda yoyote: ninalipwa lini, na mpaka siku hiyo itanitoka kiasi gani? Kama huna hiyo milioni, omba arbuni, au punguza oda, au mwambie meneja wa manunuzi kwamba kwa malipo ya siku saba utampunguzia kidogo. Mara nyengine anakubali.

Hatua ya 4: Ijue kalenda ya fedha ya pahala ulipo

Vitabu vya biashara vinapanga mwaka kwa robo nne. Fedha ya visiwani haifuati robo.

Anza na Ramadhani. Migahawa ya mtaani inafungwa mchana, tende, ndizi, mihogo na samaki wa futari wanapanda, na kumi la mwisho watu wanahamia kwenye nguo na viatu vya sikukuu. Mwezi huu hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2024 ulianza Machi. Mwaka 2026 umeangukia Februari. Kwa hiyo mwenye duka anayelinganisha Machi na Machi ya nyuma anajidanganya, ama anafurahi bure au anaogopa bure. Kwenye daftari lako andika tarehe mbili, ya miladi na ya Kiislamu, ulinganishe Ramadhani na Ramadhani, Shaabani na Shaabani.

Wageni wana kalenda yao. Wanajaa Julai na Agosti, wanarudi kuanzia Desemba mpaka Februari, na masika ya Aprili na Mei yanawafukuza. Mwaka 2024 walipita 700,000, na takwimu hiyo imewafanya vijana wengi wadhani kila anayesimama Nungwi na kikapu atauza. Panga mtaji wako ili Mei ikukute huna deni la mtu.

Pemba kuna karafuu. Karafuu kavu mnunuzi wake ni ZSTC, shirika la biashara la serikali, na kuiuza kwengine ni magendo, kwa hiyo nafasi ya kijana iko pembezoni: majamvi ya kuanikia, chakula cha wachumaji, gari ya kubeba, na mwisho wa msimu, mabati na saruji kwa waliolipwa. Uchumaji mkubwa huanza kiasi cha Julai. Ila mikarafuu haizai sawa kila mwaka. Mwaka inazaa mpaka matawi yanainama, mwaka mwengine haina kitu. Anayejaza ghala la mabati bila kutembea mashambani kutazama maua atayauza mwaka kesho kutwa.

Na anayenunua dagaa aufuate mwezi wa mbinguni. Dagaa huvuliwa kwa taa kwenye giza. Mbalamwezi ikiwaka taa haivuti kitu, vyombo vinapumzika na anayekaanga au kuanika hana cha kuanika. Mapato ya mwezi mzima yanatoka kwenye zile wiki za giza. Wakulima wa mwani nao wanategemea bamvua, maji yakitoka sana. Ukiuza khanga au vyombo kwa mkopo katika kijiji cha mwani, panga siku ya kukusanya baada ya wao kuuza.

Hatua ya 5: Mtaji

Utaratibu wangu ni huu: kwanza cha kwako, kisha cha watu wanaokujua, benki baadaye.

Upatu unasaidia, mradi uombe zamu iangukie kabla ya msimu wako; zamu ya Mei kwa anayeuza vinyago haina faida kubwa. Mali kauli ni mtaji mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Ukikaa vizuri kwa tajiri hatua ya pili, ndiye atakayekupa mzigo wa kwanza ukauze ndipo ulipe, na ukirudisha siku mliyoagana, mara ya pili atakupa mara mbili.

Wengi hapa hawataki riba, na hawana haja ya kuikubali kwa kukosa njia. Mudharaba ni ya zamani na inafaa sana kwa kijana asiye na kitu: mwenye mali anatoa mtaji, wewe unatoa kazi, faida mnagawana kwa mafungu mliyokubaliana tangu mwanzo. Ikitokea hasara bila uzembe wako, mtaji ni wake ulioharibika na wewe jasho lako limekwenda bure. Yaandikeni haya, mbele ya mashahidi, hata kama mwenye mali ni mjomba wako wa damu. Hasa kama ni mjomba wako wa damu. Na ijulikane mapema gharama gani zinatolewa kabla ya kugawana, maana ugomvi mwingi huanzia hapo: nauli ya boti, chakula cha safari, simu.

Biashara ikishakuwa na daftari la mwaka mzima, milango mikubwa inasikiliza. Benki ya Watu wa Zanzibar ina huduma za Kiislamu, na wakala wa uwezeshaji, ZEEA, hupitisha mikopo ya wajasiriamali kupitia benki. Peleka nakala za daftari. Ndizo zitakazokutenganisha na aliyekuja na maneno matupu.

Hatua ya 6: Karatasi

Jina la biashara linasajiliwa BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali. Leseni inatoka kwa baraza la manispaa, la mji au halmashauri ya ulipo. Kwa sheha utapita tu, kwa hiyo mjue mapema. Kodi zina ofisi mbili na watu huchanganyikiwa: kodi ya mapato na ushuru wa forodha ni TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania; kodi ya ongezeko la thamani na tozo za hoteli ni ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Chakula na vipodozi, zikiwemo zile sabuni, uliza ZFDA, wakala wa chakula na dawa. Alama ya ubora ni ZBS, taasisi ya viwango. Usikimbilie kusajili kampuni wakati unauza kashata; jina la biashara linatosha mpaka uwe na mshirika au mkataba mkubwa.

Hatua ya 7: Fanyeni darasa la visa

Kinachosifiwa zaidi Harvard ni mtindo wao wa kusomesha kwa visa. Wanafunzi wanapewa habari ya kampuni iliyokwama, wanaisoma usiku, asubuhi wanabishana ungefanya nini. Kubishana sisi hatuhitaji kufundishwa. Tafuta wenzako wanne au watano walio kwenye biashara tofauti, mkutane mara moja kwa mwezi baada ya isha, na kila mara mmoja alete jambo lake moja lenye namba: nimeambiwa nikodi chumba cha pili kwa bei hii, mauzo yangu ni haya, nifanyeje? Asiye na namba asizungumze. Mpira uzungumzwe baada ya kahawa ya pili. Wajumuishe watu wa kazi tofauti, dereva wa gari ya hoteli, mshoni, mwenye duka la dawa, kwa sababu hao ndio watakaokuwa watu wako kwa yale mambo ambayo wenzako wa chuo wangekusaidia.

Hatua ya 8: Rudi darasani kwa jambo moja

Baada ya misimu miwili utajua kipi hukijui. Labda ni hesabu za kampuni, labda ni Kiingereza cha barua, labda ni mambo ya forodha kwa sababu umeanza kuagiza kontena. Soma hicho. Kozi fupi na cheti cha jioni vinatosha mara nyingi, na mihadhara ya vyuo vikubwa iko bure kwenye intaneti kwa anayeelewa Kiingereza. Kabla ya kulipa, omba kuingia kipindi kimoja ukasikilize. Muulize mwalimu kama amewahi kufanya biashara au kushika vitabu vya biashara ya mtu. Angalia ratiba isiangukie msimu wako: mwenye duka la nguo asijiandikishe muhula unaomalizikia kumi la mwisho la Ramadhani. Na duka, kwa zile saa utakazokuwa darasani, mwachie aliyekwisha kujifunza kuandika daftari lako, umlipe posho yake kila wiki, na jioni mfunge hesabu pamoja.